Sikuulizwa, Nasi Hatukuwauliza

Siku tuliyohamia kijijini, lori letu lilikwama matopeni mara mbili, na mara zote mbili waliolinasua ni watu wale wale tuliokuwa tunakwenda kuwasaidia. Nilikuwa nimekaa mbele na mtoto wetu mdogo mapajani. Kwenye kioo cha pembeni niliwaona wanaume wamezama tope hadi magotini, mabega wameyaegemeza kwenye ubao wa lori lililobeba kitanda chetu, makochi, kabati la vyombo, jokofu la gesi na masanduku kumi na manne ya vitabu. Mume wangu alishuka akasukuma pamoja nao. Mimi nilibaki ndani nikilia, na sikuwa nalilia lori.

Yesu alipowatuma wale sabini, wawili wawili, aliwaambia: "Msichukue mfuko, wala mkoba, wala viatu." Nilikuwa nimewafundisha watoto wa shule ya Jumapili mstari huo kwa miaka, na siku ile haukunijia hata kidogo.

Miezi saba kabla yake mume wangu alirudi kutoka kwenye maombi ya siku tatu, uso unang'aa, akaniambia, "Mama, Mungu ametuita." Alisema *ametuita*. Mimi sikuwapo kwenye maombi yale. Nilikuwa kazini nafunga hesabu za mwaka. Nilikuwa mhasibu, kazi niliyoifanya miaka kumi na mmoja na kuipenda. Nikamuuliza kama Mungu alinitaja na mimi. Alinitazama kwa mshangao, akasema, "Si tu mwili mmoja?" Nikanyamaza. Katika nyumba kama yetu mtu habishani na Maandiko. Mwezi uliofuata niliandika barua ya kuacha kazi. Siku ya kutumwa tulipigishwa magoti mbele ya kanisa, tukawekewa mikono, na mchungaji akamwombea "mtumishi wako, pamoja na familia yake". Nakumbuka nilifumbua macho kwenye neno hilo la *pamoja*.

Naandika haya kwa sababu wanandoa vijana wanaojiandaa kwenda vijijini hunijia kuniuliza wabebe nini. Wanatarajia niwatajie chandarua, sola, sanduku la dawa. Hayo watayajua wakifika. Mimi huwaketisha wote wawili na kuwauliza: nani kati yenu aliusikia wito, na mwingine aliambiwa vipi? Wengine hucheka. Wengine hutazamana, mmoja akainamisha kichwa, na hapo huwa najua tutakaa sana siku hiyo.

Kijijini nilipoteza jina langu siku ya kwanza. Nikawa Mama Mchungaji. Kiti cha mbele kilikuwa changu hata nikichelewa. Wanawake waliacha mazungumzo nilipokaribia, wakanisalimu kwa heshima na kungoja niseme neno la kiroho. Nilikuwa nimeishi miaka arobaini kasoro nikiwa mtu anayeulizwa maswali ya maana: salio ni kiasi gani, kodi hii tumeikokotoa sawa, tukope au tusubiri. Sasa nilitakiwa kuongoza kwaya, na siimbi vizuri, na kufundisha wanawake namna ya kuwatii waume zao. Somo hilo nililifundisha kwa moyo mkavu, na naamini walionisikiliza walilijua hilo kabla yangu.

Mume wangu alikuwa na furaha, nisimnyime haki yake. Alihubiri, alitembea kwa miguu hadi vitongoji vya mbali, alikaa na wagonjwa usiku kucha. Ni mtu mwenye moyo mkubwa. Amesoma kila mstari wa simulizi hii kabla yenu na hakuniomba nifute hata mmoja.

Kazi yetu kubwa ya mwaka wa kwanza ilikuwa kisima. Kanisa rafiki la ng'ambo lilitoa fedha, na kampuni ya uchimbaji ikaja na mtambo. Kisima kilichimbwa kando ya kanisa kwa sababu eneo lile lilikuwa letu, halikuwa na mgogoro wa ardhi, na wageni wakija kupiga picha wangeliona kanisa na maji pamoja. Sababu hii ya tatu hakuna aliyeitamka kwa sauti, lakini nilikuwapo kwenye kikao na niliisikia ikipita kati ya maneno. Pampu ya mkono ikafungwa, utepe ukakatwa, nyimbo zikaimbwa. Mume wangu alihubiri juu ya mwanamke Msamaria.

Ndani ya wiki sita wanawake walikuwa wamerudi mtoni.

Tulidhani ni ujinga. Naliandika neno hilo kwa aibu, lakini ndilo tulilolitumia mezani tukila, sisi wawili. Mto ule ulikuwa mchafu, mifugo ilinywa humo humo, watoto waliharisha, na hapa kuna maji ya ardhini yasiyo na vijidudu, bure, nao wanayapita na ndoo zao vichwani. Mume wangu aliandaa mahubiri ya wiki tatu juu ya usafi. Nilichora mabango. Mwaka wa pili mipira ya ndani ya pampu ikaisha, maji yakawa hayapandi, na hapakuwa na kipuri wala mtu aliyefundishwa kufungua ile mashine. Pampu ikasimama. Hakuna aliyekuja kutuambia kwamba imekufa. Tuligundua wenyewe.

Kabla ya hapo kulikuwa na habari ya nguo, nayo nitaisema kwa ufupi kwa kuwa bado inanichoma. Tulipokea marobota ya nguo kuukuu, tukatangaza zitagawiwa baada ya ibada. Jumapili ile kanisa lilifurika hadi madirishani. Mume wangu aliandika kwenye ripoti idadi ya waliohudhuria, na idadi ilikuwa ya kweli. Nguo hazikutosha. Mashemeji wawili walipigana mlangoni mwa kanisa kwa ajili ya koti la mtoto. Jumapili iliyofuata walikuja watu kumi na tisa.

Masanduku ya vitabu yalikuja kunifaa katika miezi hiyo, kwa sababu sikuwa na mtu wa kuzungumza naye. Humo nilikutana na Dorothy Carey. William Carey nilimjua tangu utotoni, kama Wakristo wengi: fundi viatu wa Uingereza aliyekwenda India mwaka 1793 na kutafsiri Biblia kwa Kibengali. Mkewe alitajwa kwa nusu sentensi, na nusu sentensi ile ndiyo iliyonifanya nitafute zaidi. Dorothy alikataa kwenda. Alikuwa mjamzito, na Carey akaamua kuondoka na mtoto wao mkubwa, Felix, bila yeye. Safari ile ikakwama, wakashushwa melini, na kukwama huko ndiko kulikompa mumewe nafasi ya kurudi nyumbani kumshawishi tena. Safari hii alikuwa na kichanga mikononi. Alikubali kwa sharti kwamba ndugu yake wa kike, Catherine, afuatane naye. Mwaka uliofuata, kule India, mtoto wao Peter mwenye miaka mitano alifariki. Akili ya Dorothy ilivurugika na haikurudi. Aliishi hivyo hadi kifo chake mwaka 1807, akitunzwa ndani, na mumewe akiendelea na tafsiri katika chumba cha pembeni.

Nilisoma habari hizo usiku kwa taa ya sola, mume wangu amelala. Sikumchukia Carey. Kazi yake imewafikishia Neno watu wengi mno, na sidhani alikuwa mtu mkatili. Ila niliwaza juu ya ule ukuta kati ya vyumba viwili: upande huu mtu anatafuta neno sahihi la Kibengali la *faraja*, na upande wa pili mkewe anapiga kelele. Kisha nikamkumbuka Rosina, mke wa Johann Ludwig Krapf, ambaye kaburi lake liko Mombasa, upande wa bara. Waliwasili mwezi Mei 1844. Julai akawa amekufa yeye na binti yao mchanga. Sisi tunaozungumza Kiswahili tunamkumbuka Krapf kwa kamusi na tafsiri zake. Rosina alizikwa kabla kazi hiyo haijashika kasi. Nilifunga kitabu nikamwomba Mungu anisamehe, kwa sababu nilichokuwa nakisikia moyoni hakikuwa huruma tu. Nilikuwa nimejiona.

Mwaka wa tatu, mume wangu akiwa vitongojini kwa siku nne, mtoto wetu mdogo alianza kuharisha. Asubuhi sikuogopa. Jioni alikuwa anatapika, macho yameingia ndani, na nilipoibana ngozi ya tumbo lake ilichelewa kurudi. Nilifungua sanduku la dawa nililokuja nalo, mikono inatetemeka, nikatoa kopo la vidonge vya antibiotiki nikaanza kukisia dozi. Hapo ndipo Bibi jirani akaingia bila kubisha hodi.

Nyumba yake ilikuwa hatua mia moja kutoka kwetu. Katika miaka miwili na nusu nilikuwa nimeingia kwake mara mbili, zote nikiwa na Biblia mkononi. Alimtazama mtoto, akachukua lile kopo kutoka mkononi mwangu, akaliweka juu ya kabati. "Hizo ngoja kwanza, mwanangu." Akamtuma mjukuu wake akimbie kumwita mhudumu wa afya wa kijiji, binti mmoja aliyemaliza darasa la saba, ambaye nilikuwa namfahamu kwa sura tu. Binti akaja na kijiko chake. Maji yaliyochemshwa na kupozwa, lita moja. Sukari vijiko sita vya chai, vimesawazishwa juu kwa kidole. Chumvi nusu kijiko. Alionja mwenyewe kwanza, akasema maji hayo yasizidi chumvi ya machozi. Akanionyesha namna ya kumpa: kijiko kimoja, ngoja kidogo, kijiko kingine. Akitapika, usikate tamaa, subiri dakika kumi, uanze tena polepole.

Tulifanya hivyo usiku kucha, Bibi na mimi, kwa zamu. Sikuweza kuomba kwa sauti. Mimi, Mama Mchungaji, niliyefundisha wanawake namna ya kuomba, sikupata neno. Bibi aliomba. Aliomba kama mtu anayezungumza na mwenye nyumba aliyemzoea, hakupandisha sauti, mkono mmoja unashika kijiko. Karibu na alfajiri mtoto alikojoa, na yule mzee akalia kwa furaha juu ya nepi iliyolowa. Kulipokucha wakatupakia kwenye baiskeli hadi zahanati, ambako walimwongezea dawa ya zinki ya kumaliza nyumbani kwa siku kadhaa.

Tuliporudi nilimshukuru Bibi, nikamuuliza alijuaje kuyasoma macho yale. Akasema, "Wangu aliondoka hivi hivi, mwaka mliokuja." Mjukuu wake. Nilikumbuka maziko yale. Mume wangu aliongoza ibada. Mimi nililetewa kiti, nikakaa, na ibada ilipokwisha nikaondoka kwa kuwa nilikuwa na mabango ya usafi ya kuchora. Sikurudi kwake kesho yake. Sikurudi kabisa. Mtoto alikuwa amekufa kwa maji ya mto hatua mia moja kutoka kwangu, na mimi nilikuwa nachora ndoo.

Mume wangu aliporudi na kusikia yote, alipiga magoti kumshukuru Mungu. Nilimwacha amalize. Kisha nikasema jambo nililolibeba miaka mitatu: "Baba, wewe hukuniuliza." Hakuelewa mwanzoni. Nikamrudisha nyuma hadi usiku ule, hadi neno *ametuita*, hadi barua ya kuacha kazi. Nilimweleza habari za Dorothy. Sikupaza sauti, na nadhani hiyo ilimwumiza zaidi.

Alikaa siku mbili bila kusema mengi. Siku ya tatu, tukiwa nje jioni, akaniuliza: "Unataka turudi?"

Lilikuwa swali la kwanza. Nilikuwa na jibu tayari kwa miaka mitatu, nimelinoa, nimelilalia. Nikafungua kinywa kulisema, nikakuta halipo. Nilimfikiria Bibi na kijiko. Nikasema sitaki kurudi, lakini sitaki pia kuendelea kama tulivyoanza, na nikasema kwamba kuanzia siku ile, kama nipo hapa, nipo kwa sababu mimi mwenyewe nimekubali mbele za Mungu. Tuliomba pamoja. Mimi nahesabu kutumwa kwangu kuanzia jioni ile, na siyo kuanzia siku ya kuwekewa mikono.

Kutoka pale tulipokaa pampu ilionekana, mkono wake umeinama, kutu imeanza. Mume wangu aliitazama kwa muda, kisha akasema taratibu, "Na hawa nao hatukuwauliza."

Kesho yake nilikwenda mtoni na ndoo. Siyo kufundisha, kuchota. Nilikwenda siku nyingi kabla mtu hajanizoea, na nilipouliza kuhusu kisima sikuuliza mbele ya watu. Majibu yalikuja moja moja. Maji yale yalikuwa na chuma: yalitoka safi, yakikaa ndooni yalibadilika rangi kuwa ya kutu, yakatia madoa kwenye nguo na kuharibu ladha ya kila kilichopikwa. Wengine ambao si wa kanisa letu walidhani kisima ni cha waumini tu, kwa kuwa kiko uani mwetu na hakuna aliyewaambia vingine. Nikamuuliza mama mmoja, "Mbona hamkutuambia?" Akanijibu bila kinyongo, "Mtu akikuletea zawadi, utaanza kuikosoa?"

Wao walikuwa na wazo lao la maji, la zamani kuliko kuja kwetu. Juu ya kijiji kulikuwa na chemchemi ndogo isiyokauka, wanaijua tangu bibi zao. Shida yake ilikuwa kwamba ng'ombe walikanyaga pale na mvua iliporomosha uchafu wa mlimani moja kwa moja kwenye jicho la maji. Kinachotakiwa kwa chemchemi kama hiyo si mtambo. Unachimba hadi pale maji yanapotokea, unajaza mawe safi, unafunika kwa udongo wa mfinyanzi na saruji, unaacha bomba moja la kutokea. Juu yake unachimba mfereji wa kugeuza maji ya mvua, na kuzunguka unaweka uzio wa kuzuia mifugo. Hakuna mpira wa kuisha. Hakuna kipuri cha kuagiza. Fundi wa halmashauri aliwaelekeza, mawe walibeba wenyewe, na sisi tulichangia saruji kiasi walichosema wamepungukiwa. Kazi nzima ilichukua wiki tatu, na watoto hawakupona kuharisha kwa siku moja, ila zahanati ilianza kutuona mara chache.

Nisidanganye kwamba mabadiliko hayo yalifurahiwa na wote. Waliotutuma walikuwa na fomu ya ripoti yenye nafasi za miradi, waongofu, na picha. Mwaka ule tuliandika kwamba tunasikiliza. Tulipata barua ya kuuliza kama tuko wagonjwa. Wafadhili wawili walijitoa, na sehemu ya posho yetu ikaenda nao. Jokofu la gesi tuliliuza, kisha makochi. Tulibaki tukiishi kwa kulima na kwa mikono ya majirani. Nilikuwa nimezoea kutoa. Kupokea kiroba cha mazao kutoka kwa mjane kuliniaibisha hadi nikataka kukikataa. Mume wangu alinikumbusha Luka 10 mahali ambapo huwa tunapapita haraka: "Kaeni katika nyumba iyo hiyo, mkila na kunywa vya kwao." Vya kwao. Aliyetutuma alikusudia tuwe na uhitaji.

Uhasibu wangu nao ukarudi kwa mlango ambao sikuutarajia. Wanawake waliochimba chemchemi walikuwa na fedha ya akiba kidogo, wakabishana waiweke wapi. Niliwaeleza kuhusu vikundi vya kuweka na kukopa, utaratibu ambao shirika la CARE lilianza nao Niger mwaka 1991 na wanawake wa vijijini, wengi wao wasiojua kusoma. Sanduku moja la chuma, kufuli tatu, funguo tatu kwa watu watatu, na mwenye kutunza sanduku hana ufunguo. Kila kikao fedha zinahesabiwa mbele ya wote. Hisa zinanunuliwa, mikopo inatolewa, mfuko wa jamii unatengwa kwa ajili ya ugonjwa na misiba, na karibu na mwisho wa mwaka kila kitu kinagawanywa kulingana na hisa, kisha mzunguko unaanza upya.

Nilitayarisha daftari zuri lenye safu saba. Wakalitazama, wakanishukuru, wakasema wao watatumia kichwa. Kila mwanamke angekumbuka salio la aliyeketi kulia kwake. Nilikuwa na wasiwasi sana, nikawa naandika pembeni kwa siri ili nije kuwaokoa. Katika mzunguko wa kwanza hesabu zao na zangu ziliachana mara moja. Tukarudia kuhesabu fedha sandukuni mara mbili. Niliyekosea ni mimi.

Katika kikundi kile hakuna aliyeniita Mama Mchungaji. Mama mmoja mkubwa kwangu kwa miaka kumi alianza kuniita mdogo wangu, na wengine wakafuata, kila mmoja kwa umri wake. Na humo, jambo ambalo hatukulipanga, ndimo watu walipoanza kuuliza habari za Yesu. Hawakuuliza kwenye mkutano wa injili wenye vipaza sauti. Waliuliza tukiwa tumefunga sanduku na kukaa kungoja jua lipungue: kwa nini unasema umesamehewa, umefanya nini wewe? Niliwajibu yaliyo kweli. Niliwaambia kuhusu mabango ya ndoo na maziko niliyoyaacha. Bibi alikuwapo. Alisikiliza, akasema, "Hilo nilikusamehe siku ile ya kijiko." Watatu katika kikundi kile walibatizwa baadaye. Mmoja alikuwa dada wa mmoja wa wale waliopigania koti.

Mume wangu alianza kusema juu ya Priskila na Akila kuliko alivyomsema Paulo. Ni wanandoa wanaotajwa mara sita katika Agano Jipya, na kila mara wako pamoja, hakuna mahali mmoja anatajwa peke yake. Walikuwa mafundi wa kushona mahema. Paulo alikaa kwao, akafanya kazi nao. Katika mara sita hizo, nne jina la mke linatangulia, na walipomchukua Apolo kumweleza njia ya Bwana kwa usahihi zaidi, walimweleza wote wawili. Alipohubiri somo hilo alinitazama, na mimi sikuinamisha kichwa.

Mwaka wa sita waliotutuma waliandika tena. Barua ilikuwa ya upole: walitaka kujua kama tungependa kuongeza miaka minne. Zamani mume wangu angejibu siku hiyo hiyo. Aliiweka mezani mbele yangu akasema, "Isome, halafu tukae." Tulikaa siku tatu. Mimi nilitaka kubaki, naye alitaka kubaki. Tulifurahi kwa kuwa sasa tulikuwa tunataka kitu kimoja, kila mmoja kwa moyo wake. Ndipo akasema tuwaulize na wenyeji.

Walikaa wao kwanza bila sisi, wazee wa kanisa, kikundi cha akina mama, wale wa chemchemi, na baadhi ambao si Wakristo. Kikao kilichukua jioni mbili. Nilijikuta naomba waseme tubaki. Katika karne ya 19 Henry Venn, aliyekuwa katibu wa Church Missionary Society, shirika la wamisionari la Uingereza, alifundisha kwamba kanisa la wenyeji lijitawale lenyewe, lijitegemee kwa fedha zake, na lieneze Injili lenyewe, na mmisionari awe tayari kuondoka. Nilikubaliana naye kabisa kitabuni. Usiku ule sikutaka kumsikia.

Aliyeletwa kutuambia alikuwa Bibi. Alikaa kwenye kigoda, akatuita wote wawili kwa majina yetu tuliyopewa na wazazi wetu, majina ambayo sikujua kama anayajua. Akasema wamezungumza sana na hawakukubaliana upesi. Akasema, "Mnapendwa hapa. Lakini mkiwapo, kila jambo gumu watu wanatazama mlango wenu kwanza. Nendeni, wanangu. Mje kutusalimia."

Mume wangu aliuliza kama tungeweza kukaa hadi mavuno. Bibi akasema hilo atakwenda kuwauliza.

Tulipoondoka tulipanda gari dogo la abiria, masanduku mawili ya nguo na moja la vitabu. Yale mengine ya vitabu yalibaki kwenye chumba kimoja cha nyumba yetu, ambayo sasa anakaa mwinjilisti wa pale pale kijijini na mkewe. Kabla hawajahamia, nilimvuta pembeni yule mke, binti wa miaka ishirini na minne, mhudumu wa afya, yule wa kijiko. Nikamuuliza. Alinijibu kwamba yeye ndiye aliyeanza kuusikia wito, na mumewe ilimchukua mwaka mzima kukubali.